Kuchagua Kipande cha Njia Ndefu

1. Njia ndefu na siku chache

Ziko njia za miguu duniani zilizo ndefu hata mtu hawezi kuzimaliza kwa juma moja, wala kwa majuma mawili. Huvuka milima na mito, hupita mashamba na misitu, na nyingine hutoka nchi hata nchi. Watu wazifuatao siku hizi hawazifuati kwa biashara wala kwa vita, bali kwa sala, au kwa afya ya mwili, au kwa kupenda kuiona nchi kwa macho yao wenyewe. Huchukua shanta mgongoni na fimbo mkononi, wakaenda.

Lakini walio wengi hawana siku za kutosha kwa njia nzima. Mkulima ana shamba lake, mwalimu ana darasa lake, mama ana watoto wake. Mtu wa namna hii huchukua kipande kimoja tu, akakitembea kwa siku chache, kisha akarudi nyumbani. Hapo ndipo swali linapozuka: achukue kipande kipi?

Asiyefikiri hudhani ya kuwa jambo hili ni jepesi. Hutandaza ramani, akatia kidole mahali, akasema, "Hapa." Sivyo hata kidogo. Njia ni moja, lakini sura zake ni nyingi. Kipande kimpendezacho kijana mwenye nguvu chaweza kumlaza mzee kitandani. Na kipande kilicho salama mwezi wa Juni chaweza kumwua mtu mwezi wa Januari. Basi katika somo hili tutaitazama njia moja mashuhuri, tuone jinsi mtu mwenye busara achaguavyo.

2. Njia ya Mtakatifu Yakobo

Katika pembe ya kaskazini-magharibi ya nchi ya Hispania uko mji uitwao Santiago de Compostela. Neno Santiago maana yake ni Mtakatifu Yakobo. Twasoma katika Matendo ya Mitume ya kuwa Yakobo, nduguye Yohana, aliuawa kwa upanga kwa amri ya Herode. Wakristo wa zamani waliamini ya kuwa mwili wake ulichukuliwa mpaka Hispania ukazikwa huko. Na katika karne ya 9 kaburi lililosemwa kuwa ni lake likaonekana mahali pale. Watu wakaanza kwenda kusali. Kanisa kuu lililopo sasa lilianza kujengwa mwaka 1075, likawekwa wakfu mwaka 1211.

Mahujaji walitoka pande zote za Ulaya, na kila mmoja alianza safari mlangoni pa nyumba yake. Tena, alipokwisha kufika, ilimpasa kurudi kwao kwa miguu vile vile. Hivyo zikatokea njia nyingi, na iliyo mashuhuri kupita zote huitwa Njia ya Wafaransa. Mji wake wa kuanzia ni Saint-Jean-Pied-de-Port, ulio Ufaransa chini ya milima ya Pyrenees, na kutoka hapo mpaka Santiago ni kilometa 780 hivi. Mtu mwenye afya huitembea kwa majuma manne au matano.

Zilipita karne nyingi, na wasafiri wakapungua sana, hata njia ikakaribia kusahauliwa. Mmoja wa watu waliofanya kazi kubwa ya kuihuisha ni padre Elías Valiña, aliyekuwa paroko wa kijiji cha milimani kiitwacho O Cebreiro. Katika miaka ya 1980 alizunguka na rangi ya manjano, akichora mishale katika miti, mawe na kuta, ili msafiri asipotee. Alikufa mwaka 1989, lakini mishale ya manjano ingali ikiwaongoza watu hata leo. Alama nyingine ya njia hii ni kombe, yaani gamba la mnyama wa pwani, ambalo mahujaji hulifunga katika shanta zao. Mwaka 1993 sehemu ya njia hii iliyo katika Hispania iliandikwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kila msafiri huchukua kitabu kidogo, na kila alalapo hupigiwa muhuri ndani yake. Atembeaye kwa miguu kilometa 100 za mwisho, akaonyesha mihuri yake, hupewa mjini Santiago hati iliyoandikwa kwa Kilatini. Katika mwaka 2024 watu waliopewa hati hiyo walikaribia 500,000. Wengi wao hawakutembea njia nzima. Walichagua kipande.

3. Vipande vinne vya njia moja

Sasa tutazame vipande vinne, tuvilinganishe.

Kipande cha kwanza ni cha milima. Chatoka Saint-Jean, chapita Roncesvalles, chafika mji wa Pamplona. Urefu wake ni kilometa 68 hivi, yaani siku tatu. Hesabu hiyo yaonekana kuwa ndogo, lakini siku ya kwanza ni ngumu kupita zote. Msafiri huanza chini, karibu mita 170 juu ya bahari, akapanda mpaka zaidi ya mita 1,400, kisha akashuka kwa ghafula hata Roncesvalles. Na hayo yote katika kilometa 25 tu. Huko juu macho huona milima nyuma ya milima, na kondoo na farasi wakilisha katika majani mabichi. Walakini ukungu hushuka upesi, na theluji huifunika mishale. Wako watu waliopotea huko wakafa kwa baridi. Kwa sababu hiyo njia ya juu hufungwa tangu tarehe 1 Novemba mpaka mwisho wa Machi, na wasafiri hupita njia ya bondeni.

Kipande cha pili ni cha uwanda, kati ya miji ya Burgos na León. Urefu wake ni kilometa 180 hivi. Hapa hapana mlima wa kumchosha mtu. Nchi ni tambarare, imejaa ngano, na mbingu ni pana. Lakini kivuli ni haba. Baada ya mji wa Carrión de los Condes, msafiri hutembea kilometa 17 bila kukuta kijiji hata kimoja, katika barabara ya kale iliyofanywa na Warumi. Mwezi wa Julai jua la huko ni kali kweli kweli.

Kipande cha tatu chatoka Astorga mpaka Ponferrada, kilometa 53 hivi. Hapa pana msalaba mdogo wa chuma juu ya mti mrefu, mahali palipo juu ya bahari kwa mita 1,500. Wasafiri huchukua jiwe kutoka kwao wakaliweka chini ya msalaba huo, kama mtu atuaye mzigo wa moyo wake. Ni mahali pa kugusa moyo. Lakini kutoka msalabani mpaka kijiji cha Molinaseca njia hushuka karibu mita 900, tena juu ya mawe yaliyolegea. Wengi waliopanda kwa nguvu huumia magoti katika mteremko huo.

Kipande cha nne ni cha mwisho, kutoka mji wa Sarria mpaka Santiago, kilometa 115 hivi. Hapana mlima mkubwa, ila vilima vingi vya kupanda na kushuka. Vijiji viko karibu karibu, na nyumba za wageni ni nyingi. Mvua hunyesha mara kwa mara, maana nchi hiyo ya Galicia hupokea mawingu ya bahari. Taabu yake kubwa ni watu: mahujaji wengi kupita wale wa mahali pengine huanzia Sarria, na siku za joto malazi hujaa mapema.

Basi ni kipande kipi kilicho bora? Hapana awezaye kujibu mpaka kwanza aulize, "Bora kwa nani?"

4. Maswali matano

Msafiri mwenye busara hujiuliza maswali matano kabla ya kutia kidole juu ya ramani.

Swali la kwanza: Nina siku ngapi za kutembea? Asihesabu siku zote za likizo. Na aondoe siku ya kwenda na siku ya kurudi, kisha aondoe siku moja ya akiba, maana mvua, homa na malengelenge havipigi hodi. Zilizobaki ndizo siku za kutembea.

Swali la pili: Ni nani aliye dhaifu kupita wote kati yetu? Msafara hauendi kwa mwendo wa aliye mbele. Huenda kwa mwendo wa aliye nyuma. Anayepima safari kwa nguvu zake mwenyewe, na huku ana mtoto au mzee pamoja naye, amekosa hesabu kabla ya kuanza.

Swali la tatu: Njia yapanda kiasi gani, na kushuka kiasi gani? Urefu peke yake hautoshi. Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, alitoa kanuni inayotumika mpaka leo. Kwa vipimo vya mita, kanuni hiyo ni kama hivi: hesabu saa 1 kwa kila kilometa 5, kisha ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Tuijaribu katika siku ya kwanza ya kipande cha milima. Kilometa 25 ni saa 5. Kupanda mita 1,200 na zaidi ni saa 2 nyingine. Jumla ni saa 7 na zaidi, bila kupumzika wala kula. Hiyo ni hesabu ya mtu mwenye nguvu. Wengine hawana budi kuongeza. Tena kanuni hii haihesabu mteremko, nao ndio adui wa magoti.

Swali la nne: Maji, chakula na malazi viko wapi, na katika majira gani? Watu wa bara yetu walilijua sana swali hili. Katika njia kuu ya zamani ya kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, iliyokuwa na urefu wa kilometa 1,200 hivi, wapagazi walibeba mizigo ya kilo 30 na kupita, na watumwa wengi walipitishwa humo katika minyororo. Kati ya Mpwapwa na Ugogo palikuwa na nyika isiyo na maji, iitwayo Marenga Mkali. Misafara ilijaza vibuyu kwanza, kisha ikaivuka nyika hiyo kwa haraka bila kukaa, maana aliyechelewa aliweza kufa kwa kiu. Wale hawakuwa na ruhusa ya kuchagua kipande. Sisi tulio na ruhusa ya kuchagua tusiache kuuliza habari ya maji.

Swali la tano: Nitafikaje mahali pa kuanzia, na nitaondokaje mahali pa kumalizia? Kipande kizuri kilicho mbali na barabara na reli chaweza kula siku mbili kwa kukifikia tu. Tena ni vema kujua, kwa kila siku ya safari, mahali ambapo mtu aliyeumia aweza kupata gari.

5. Mfano wa watu wanne

Tutoe mfano. Watu wenyewe ni wa kubuni, lakini njia na hesabu ni za kweli.

Jamaa moja ya mji wa Madrid ilikuwa na watu wanne: Bibi, mwenye umri wa miaka 64, binti yake, aliyekuwa mama wa watoto wawili, mwanawe mkubwa, kijana wa miaka 19, na mdogo wake, msichana wa miaka 12. Tangu ujana wake Bibi alitamani kwenda Santiago kwa miguu, lakini kazi haikumpa nafasi. Mwaka ule wote wanne wakapata siku tisa mwezi wa Juni. Jioni moja wakaketi wakatandaza ramani mezani.

Kijana akasema, "Twende milimani. Ndiko mwanzo wa njia, na ndiko kuzuri kupita kote. Siku tatu tutakuwa Pamplona, na siku zitakazobaki tutaendelea mbele."

Mama akamtazama Bibi akamwuliza, "Mama, waonaje?"

Bibi akajibu, "Mimi sina neno. Mwendako nami nitakwenda."

Msichana akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini Bibi, jana usiku nilikuona ukilikanda goti lako kwa mafuta, na ulikuwa ukiumwa."

Pakawa kimya. Bibi akainamisha kichwa, akasema, "Ni kweli, mjukuu wangu. Goti hili laniuma tangu mwaka jana, na zaidi niteremkapo ngazi. Sikusema, kwa kuwa niliogopa mtaniacha nyumbani. Nami sijui kama nitapata mwaka mwingine."

Wazee wa Kiswahili husema, mficha maradhi kifo humwumbua. Laiti Bibi angaliendelea kuficha, wangalikwenda milimani, na goti lake lingalimshinda katika mteremko wa Roncesvalles, mbali na kila gari. Hapo safari ya watu wote wanne ingalikufa siku ya kwanza. Lakini kweli ilipokwisha kusemwa, kazi ya kuchagua ikawa nyepesi.

Mama akachukua karatasi akaanza kuandika. Siku ni tisa, toa moja ya kwenda, moja ya kurudi, na moja ya akiba, zimebaki sita. Aliye dhaifu ni Bibi, naye huenda kilometa 3 kwa saa, akipumzika mara kwa mara. Asitembee zaidi ya saa 8 au 9 kwa siku. Basi mwisho wa kila siku ni kilometa 25.

Kwa kipimo hicho kipande cha milima kikaanguka, na kipande cha msalaba wa chuma vile vile, kwa ajili ya mteremko. Uwanda haukuwa na mteremko, lakini kilometa 17 bila kijiji, kwa mwendo wa Bibi, ni karibu saa 6 bila mahali pa kukimbilia. Kikabaki kipande cha Sarria. Mji wa Sarria una stesheni ya reli, na Santiago kadhalika. Wasafiri wengi hukigawa kipande hicho kwa siku tano, lakini hapo pana siku moja ya kilometa 29, kutoka Palas de Rei mpaka Arzúa. Mama akaikata siku hiyo katikati, penye mji wa Melide. Hesabu ikawa hivi:

Siku ya 1: Sarria mpaka Portomarín, kilometa 22.
Siku ya 2: Portomarín mpaka Palas de Rei, kilometa 25.
Siku ya 3: Palas de Rei mpaka Melide, kilometa 15.
Siku ya 4: Melide mpaka Arzúa, kilometa 14.
Siku ya 5: Arzúa mpaka O Pedrouzo, kilometa 19.
Siku ya 6: O Pedrouzo mpaka Santiago, kilometa 20.
Jumla: kilometa 115.

Kijana hakufurahi. Akasema, "Kilometa 14 kwa siku! Huo ni mwendo wa watoto. Nitawaambia nini rafiki zangu?"

Bibi akamjibu kwa upole, "Waambie ulimfikisha bibi yako."

Kijana akaona haya, wala hakusema tena. Kesho yake akapima mizigo. Kanuni ya wasafiri ni kwamba mzigo usizidi sehemu moja katika kumi ya uzito wa mwili. Bibi alikuwa na kilo 60, basi haki yake ilikuwa kilo 6. Kijana akamwachia kilo 3 tu, na zilizobaki akazitia katika shanta lake mwenyewe. Nguvu zake, ambazo hakuzipata mahali pa kuzionyesha milimani, zikapata kazi.

Likabaki neno moja. Bibi akipanda gari, aweza kuikosa ile hati ya Kilatini. Je, itakuwaje goti likivimba? Wakakata shauri kabla ya kuondoka: goti likikataa, Bibi atapumzika siku ya akiba, na likikataa tena, atapanda gari pamoja na Mama, na wote watakutana jioni. Hati ni karatasi, goti halinunuliwi.

6. Siku za safari

Siku ya kwanza waliondoka Sarria alfajiri, kabla ya jua kuwa kali. Wakapita katika vijia vya kale vilivyofunikwa na miti mikubwa, wakaona ghala ndogo za nafaka zilizoinuliwa juu ya nguzo za mawe ili panya wasifike, kama vile watu wa kwetu wajengavyo ghala zao juu ya miti. Kando ya njia yalikuwapo mawe yaliyoandikwa kilometa zilizobaki, na kabla ya jioni wakalipita jiwe la 100.

Wakafika Portomarín. Mji huo una habari ya ajabu. Mji wa zamani ulikuwa bondeni, penye mto Miño. Serikali ilipojenga boma kubwa la kuzuia maji, lililokwisha mwaka 1963, bonde lote likafunikwa na maji. Lakini kabla ya hapo watu walilibomoa kanisa lao la kale jiwe kwa jiwe, wakayatia mawe namba, wakalijenga tena juu ya kilima. Lipo mpaka leo. Kuingia mjini kuna ngazi ndefu ya mawe. Kijana angaliweza kuipanda mbio, lakini aliipanda nyuma ya Bibi, hatua kwa hatua.

Siku ya tatu wakalala Melide, mji wenye sifa ya kupika pweza, ijapokuwa uko mbali na bahari. Siku ya nne ilikuwa fupi, lakini njia ya kwenda Arzúa hupanda na kushuka vilima vingi, na jioni goti la Bibi likavimba. Hapo ndipo siku ya akiba ilipoonyesha thamani yake. Wakakaa Arzúa siku nzima. Bibi akaliweka goti lake katika maji baridi, na wajukuu wakafua nguo. Wasafiri wengi waliwapita. Hapana hata mmoja wa watu wetu wanne aliyesikitika, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa imekwisha hesabiwa tangu Madrid.

Kisha wakaendelea, wakapita katika misitu ya mikaratusi, miti iliyoletwa kutoka Australia kama ile iliyopandwa katika nchi zetu. Siku ya mwisho wakapanda kilima kiitwacho Monte do Gozo, yaani Mlima wa Furaha, kwa kuwa hapo ndipo mahujaji wa zamani walipoiona kwanza minara ya kanisa kuu. Kilometa 5 zilikuwa zimebaki. Bibi akasimama, akatazama, akaendelea kutembea bila kusema neno. Alasiri wakaingia wote wanne katika uwanja wa kanisa, kila mmoja kwa miguu yake.

7. Mambo ya kukumbuka

Katika mfano huu tumeona ya kuwa kipande kifupi hakikuwa safari ndogo. Kilikuwa na mwanzo, taabu, pumziko na mwisho; na watu wanne waliokianza walikimaliza wote wanne. Kama wangalikwenda milimani, pengine angalifika mmoja peke yake, naye asingalikuwa na mtu wa kufurahi pamoja naye.

Basi usichague njia kwa kuwa wengine wameisifu, wala kwa kuwa jina lake ni kubwa. Ichague kwa siku ulizo nazo, kwa watu ulio nao, na kwa majira yaliyopo. Na yule aliye dhaifu katika kundi lenu asionekane kuwa ni mzigo wa safari. Yeye ndiye kipimo chake. Mwenda pole hajikwai.

Nawe mwanafunzi, huna haja ya kwenda Hispania ili kuyafanya haya. Kila wilaya ina njia ndefu: ya kwenda sokoni kwa mbali, ya kandokando ya mto, au ya kupita kilimani. Siku darasa lenu litakapotaka kutembea, msianze kwa kuuliza ni nani awezaye kwenda mbali kupita wote. Anzeni kwa kuuliza ni nani anayeumwa, mkae kimya kidogo, mkimpa nafasi ya kusema kweli.

Maswali

1. Kwa nini njia ya juu ya milima ya Pyrenees hufungwa miezi kadha ya mwaka?
2. Padre Elías Valiña aliwasaidiaje wasafiri?
3. Tumia kanuni ya Naismith: mtu mwenye nguvu atatembea saa ngapi katika njia ya kilometa 15 inayopanda mita 900?
4. Kwa nini Bibi alificha maumivu yake? Je, msichana alifanya vema kuyataja mbele ya wote? Toa sababu zako.
5. Mama aliikata siku ya kilometa 29 iwe siku mbili. Kama asingaliikata, Bibi angalitembea saa ngapi siku hiyo?
6. Eleza maana ya methali hii: mficha maradhi kifo humwumbua.
7. Chagueni kipande cha njia katika wilaya yenu kinachoweza kutembewa kwa siku moja. Jibuni maswali matano ya somo hili juu ya kipande hicho, kisha mchore ramani yake, mkionyesha penye maji, penye kivuli na mahali pa kupata gari.